Kuishi kwa ala nyingi: mwongozo wa mpigaji wa kujitegemea, kuanzia ala ya kwanza hadi uzeeni

Nilianza na fidla kwa sababu ndiyo ala iliyokuwa haina mtu. Kikundi cha mtaani kwetu Ng'ambo kilikuwa na vijana watatu wakigombea udi mmoja, ile ala ya nyuzi ya kukwanyua, wapiga ngoma wasiohesabika, na fidla iliyotundikwa ukutani tangu mwenyewe alipohamia Muskat. Roho yangu ilikuwa kwenye udi. Mzee aliyekuwa akitufundisha akaniambia, "We kijana, ukiusubiri udi utaota mvi kwenye foleni. Teremsha ile pale." Mvi nimeota kweli, ila nimezioteshea kazini: fidla, udi, kodiani, besi, na ile ngoma ya dumbak mtu asipotokea. Sijaajiriwa na bendi wala serikali. Kwa miaka thelathini na kitu nimelea watoto wanne kwa kuitwa.

Neno lenyewe ndilo hilo, kuitwa. Ukipiga ala nne watu wataipenda video yako, lakini kodi ya nyumba hulipwa na yule anayekupigia simu Alhamisi kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Ninayoandika hapa ni ya Unguja na taarab zaidi, maana ndiko niliko. Mpigaji wa dansi Dar es Salaam au wa bendi ya kanisa Nairobi atabadilisha majina ya ala, kazi iliyobaki ni ileile.

Hatua ya kwanza: hesabu viti kabla ya kununua ala

Usinunue kitu bado. Nenda kwenye mazoezi ya vikundi vitatu vilivyo karibu nawe, kaa nyuma, hesabu. Nani yupo wawili wawili? Ni ala gani haipo, au ipo mikononi mwa mzee mmoja tu ambaye akiugua shughuli inavunjika? Andika. Taarab ya asili hapa kwetu utakuta mara nyingi pengo liko kwenye kanuni, dubul besi na nai, ile filimbi ya tete. Kwenye bendi za dansi kila kijana anataka gitaa la solo, huku wanaotaka kukaa na besi saa tano bila kusifiwa ni wa kutafuta. Kanisani wapiga kinanda wapo tele, lakini anayepiga na pia anasoma nota hakai bila kazi.

Pengo huwa lina sababu yake, nayo uijue mapema. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na anayeanza anaweza kumaliza saa nzima akilinganisha tu kabla hajapiga chochote. Dubul besi haipandi daladala. Ukikubali usumbufu ambao wenzako wameukimbia, nusu ya safari umeshaimaliza.

Hatua ya pili: ala mama, halafu jamaa zake

Ala ya kwanza ndiyo mama. Usishike ya pili mpaka watu wasiokujua wawe wanakuita kwa hiyo moja. Mimi ilinichukua miaka sita, wepesi huchukua minne. Nimeona vijana wenye ala tano nyumbani, na hakuna hata moja wanayoweza kuitwa nayo.

Ya pili iwe jamaa ya ya kwanza. Mpiga gitaa la rithim akishika besi anakuta nyuzi nne zilezile nene za gitaa lake, zimeshuka oktava moja tu; vidole vinajua njia, kinachobadilika ni kichwa. Mpiga fidla akishika udi anakuta shingo isiyo na vizuizi, kwa hiyo sikio lililozoea kutafuta maqamu, yaani ngazi za sauti kama bayati na rasti, linahamia huko bila shida, ila mkono wa kulia uanze alifu kwa kijiti: upinde wa fidla na risha ya kukwanyulia udi havijuani kabisa.

Kodiani ni mtego. Mpiga kinanda huona vitufe vyeupe na vyeusi akadhani amefika. Kwanza kuna hewa: kila sauti inategemea unavyovuta na kusukuma, na ukigeuza mfuko katikati ya neno la mwimbaji umemkata pumzi yeye. Pili, sauti zake zimefungwa kiwandani. Bayati ina ile robo sauti kwenye hatua ya pili, sauti inayokaa katikati ya vitufe viwili, na kodiani ya kawaida haina. Nilipoanza nilikuwa naibonyeza ile iliyo karibu, nikaambiwa na mpiga kanuni bila kunitazama, "Hapo nyamaza." Huo ndio ufundi wenyewe: sauti usiyonayo unairuka, mpiga fidla ataijaza. Wamisri wengine huchonga ndimi za kodiani ili ziitoe, lakini usimpe fundi wa mtaani kazi hiyo kwa kujaribu.

Ala mbili za sauti na moja ya mapigo zinatosha kuishi. Ya nne na ya tano zitakuja zenyewe kwa shida, siku mtu hajatokea.

Mwalimu

Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, ambacho wengi wanakiita DCMA, kipo Mji Mkongwe tangu 2002, na Bagamoyo kuna TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Ukipata nafasi nenda, hasa ujifunze nota. Nota zitakupa kazi za wageni wanaokuja na makaratasi yao. Lakini mambo mengi ya taarab bado yamo vichwani mwa wazee wa Ikhwani Safaa, iliyoanza 1905, na Culture Musical Club ya 1958. Kwa mzee usiende mikono mitupu. Mpelekee seti ya nyuzi. Usimwombe akufundishe, mwombe ubebe ala yake. Utafundishwa njiani.

Hatua ya tatu: mazoezi yasiyokuua

Huwezi kufanyia mazoezi ala tano kila siku, anayesema anaweza anakudanganya au hana watoto. Mimi nafanya hivi: ala mama dakika arubaini kila siku baada ya alfajiri, kabla ya simu kuanza. Zilizobaki kwa zamu, moja kwa siku, nusu saa. Juu ya hapo dakika kumi za kubonyeza nyuzi hata siku ya kodiani, kwa ajili ya sugu za vidole. Kichwa kinakumbuka wimbo miaka. Sugu huondoka ndani ya wiki chache, na ukienda shughuli ya saa nne bila sugu utapiga saa moja na kuteseka tatu.

Katika muda huo, robo yake itumie kuhamisha nyimbo kutoka ufunguo mmoja hadi mwingine. Hakuna zoezi linalolipa kama hili. Mwimbaji ana mafua, anasema "teremsheni kidogo". Wenzako wanatazamana, wewe umeshashuka. Jina lako linakumbukwa hapo.

Halafu daftari. Langu ni la shule, la nne sasa, na lina nyimbo zaidi ya mia nne. Kila wimbo una mistari mitano tu: maqamu, ufunguo wa kila mwimbaji ninayemfahamu, mapigo, nani anaanza, na beti ngapi kabla ya kiitikio cha mwisho. Hakuna nota. Kuna mtu aliwahi kutaka kulinunua, nikamwambia atengeneze lake, maana kulitengeneza ndiko kunakokaa kichwani.

Hatua ya nne: udeiwaka

Deiwaka ni mpigaji wa siku moja, anayeziba pengo kwenye bendi ya wenzake. Wengine huona ni kazi ya chini. Mimi ndiyo iliyonilisha, na ina adabu zake.

Simu ikija, kabla ya kusema ndiyo uliza: wapi, saa ngapi ya kufika na siyo ya kuanza, sare gani, mwimbaji ni nani, usafiri wa nani, analipa nani na lini. Kisha uliza swali ambalo watu wanalisahau: "Mnafungua na bashraf gani?" Taarab inafunguliwa na kipande cha ala tupu, na hapo ndipo ukumbi mzima unakutazama bila mwimbaji wa kukufichia.

Ukifika, kaa karibu na besi. Nyimbo mbili za kwanza piga nusu ya unayoyajua. Tazama mdomo wa mwimbaji usitazame vidole vyako. Deiwaka anayejaza kila uwazi kwa mapambo husifiwa na wageni na hapigiwi simu tena. Mwenye kiti akipona na kurudi, msalimie wewe kwanza, na usiseme chochote kuhusu lile pengo. Kiti si chako, ulikodishwa.

Hatua ya tano: fedha, bila haya

Tulilelewa kuona haya kutaja bei. Haya hiyo imewaacha wazee wangu wengi wakifa na madeni ya dawa.

Chukua mfano, tarakimu ni za kuelezea tu. Hoteli inatoa shilingi 400,000 kwa kikundi cha watu wanne, jioni moja. Mafuta ya gari kwenda na kurudi Paje 60,000. Kukodi spika na mixa 50,000. Zinabaki 290,000. Wengi hapo wanagawa kwa nne. Sisi tunagawa kwa tano, 58,000 kila fungu, na fungu la tano ni la ala: nyuzi, betri, fundi. Ukiligawa fungu hilo, mwaka wa pili utakuja kuomba mkopo wa nyuzi kwa shemeji.

Chukua arbuni, nusu. Hapa naongea kwa uchungu. Kuna hoteli moja pwani ya mashariki tulipiga miezi miwili kwa mdomo wa meneja, "nitawalipa pamoja mwisho wa msimu". Meneja akahamishwa. Aliyekuja akauliza karatasi iko wapi. Hatukuwa nayo, na mpaka leo hatujaiona fedha. Tangu siku hiyo kila kazi natuma ujumbe wa simu, mfupi, na sipandi gari mpaka ujibiwe:

"Asalaam alaykum dada. Nathibitisha: Jumamosi, Kiwengwa, kufika saa 10 jioni, kupiga saa 1 hadi saa 4 usiku, watu wanne. Malipo ni 400,000, arbuni 200,000 leo kwa simu, zilizobaki kabla hatujafungasha ala. Chakula cha usiku juu yenu. Tafadhali nijibu nimekubali."

Neno "kabla hatujafungasha" usilitoe. Ala zikishaingia kwenye gari, mwenye fedha huwa ametoka kidogo.

Harusini kuna jambo jingine, tunzo. Kina mama wanapopanda kumtunza mwimbaji, zile noti ni za nani? Kila kikundi kina desturi yake. Liulize mapema na liishe, maana nimeona kikundi cha miaka ishirini kikivunjika kwa noti za elfu mbili mbili zilizokuwa kwenye ndoo.

Kisha chora mwaka. Harusi zinajaa kuelekea Ramadhani na baada ya Idi, na ndani ya mwezi wenyewe hapa Unguja ala zinapumzika. Hoteli zinachangamka Julai hadi Oktoba, tena Desemba hadi Februari. Masika, Aprili na Mei, baadhi hufunga kabisa. Sasa kumbuka Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka. Miaka hii imo ndani ya msimu mzuri wa hoteli, na mwaka 2030 itaingia mara mbili, Januari na tena Desemba. Mwenye kutegemea hoteli peke yake ajiandae tangu leo. Mimi Ramadhani natengeneza ala za watu.

Hatua ya sita: chumvi, joto na kijiti

Adui wa ala pwani ni chumvi. Futa nyuzi kwa kitambaa kikavu kila unapomaliza, hata kama umechoka. Kodiani isimame kwa miguu yake, usiilaze ovyo, na ndani ya sanduku weka vile vifuko vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, ukivianika juani kila mwezi. Ndimi zake ni za chuma, zikishika kutu sauti inapanda na kushuka kama paka.

Joto ni adui wa pili. Ala nyingi za mbao zimegundishwa kwa gundi inayolegea ikipata moto. Udi ulioachwa kwenye gari lililofungwa saa saba mchana unaweza kufunguka mgongo. Kwenye boti ya Dar, ala inakaa mapajani. Lipa kiti cha pili ikibidi.

Na kijiti. Ndani ya fidla, chini kidogo ya kidaraja, kuna kijiti kinachosimama kati ya uso na mgongo. Hakikugundishwa, kinashikiliwa na uzito wa nyuzi tu. Mimi sikujua. Mwaka wangu wa pili, asubuhi ya harusi ya Mwembetanga, nikatoa nyuzi zote nne kwa pamoja ili niisafishe vizuri fidla yangu. Nikasikia "ti", kitu kidogo kinabingirika ndani. Nikatia nyuzi mpya, nikapiga: sauti ya debe la mafuta ya taa. Nilikwenda harusini nikapiga dumbak. Badilisha uzi mmoja mmoja. Ukimaliza wa kwanza na umekaza, ndipo uguse wa pili.

Mafundi wa ala hapa ni wa kuhesabu kwenye mkono mmoja, basi jifunze mwenyewe kuchonga kidaraja, kurekebisha vigingi vinavyoteleza kwa chaki, na kubandika ufa mdogo. Ni kazi ya tatu kwa riziki, baada ya kupiga na kufundisha. Tukiwa hapo: ile mbao nyeusi ya klarineti unayoiona kwa wazungu mara nyingi ni mpingo, na mpingo mwingi unatoka kusini mwa Tanzania na Msumbiji. Tangu 2017 biashara yake ya kimataifa ina masharti, ila ala iliyokwisha kutengenezwa iliondolewa masharti hayo mwaka 2019, kwa hiyo usikubali kutishwa uwanja wa ndege kwa klarineti yako.

Hatua ya saba: makaratasi

Nitapita haraka maana yanachosha, lakini yafanye. Bara, jisajili BASATA, baraza la sanaa, na nyimbo zako COSOTA, wa hakimiliki. Kwa kazi hizohizo Zanzibar kuna BASSFU na COSOZA. Kenya kuna vyama vya watunzi na vya wapigaji, uliza kwanza kipi kina leseni. Tofautisha watu watatu: aliyetunga, aliyepiga, na anayemiliki rekodi. Unaweza kuwa wote watatu au mmoja tu. Studio, kabla ya maikrofoni kuwashwa, andikeni karatasi moja: wimbo, nani katunga maneno, nani sauti, nani kapiga nini, asilimia ngapi kila mmoja, sahihi. Mpigaji wa ala nyingi ndiye anayeibiwa zaidi hapa. Anapiga vitu vinne kwa malipo ya kimoja, na jina linaandikwa mara moja, au haliandikwi.

Mitandaoni usitarajie makubwa. Spotify tangu 2024 hailipi wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12. Weka nyimbo huko ili mtu wa tamasha akikutafuta akukute, halafu endelea na kazi.

Hatua ya nane: masikio, mikono, na miaka

Wataalamu wa afya ya kazi wanaweka kikomo kwenye desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikipanda tatu muda unakatwa nusu. Kwa hesabu hiyo, kwenye desibeli 100 una dakika kumi na tano. Ukumbi wa harusi wenye spika nne na fundi mitambo kijana unafika hapo bila taabu. Vaa vizibo vya masikio. Mimi nilichelewa, na sikio la kushoto, lile la upande wa ngoma, lina mlio usiokwisha usiku. Kwenye maumivu ya kifundo cha mkono, usipige "mpaka yazoee". Simama siku tatu, shika ala nyingine. Hii ni faida ya ala nyingi ambayo haisemwi: mkono unaouma kwa fidla mara nyingi una nafuu kwenye besi.

Panga ala kwa umri. Kodiani kubwa ya vitufe 120 vya besi ina kilo kumi na zaidi. Nimeibeba nikisimama hadi miaka arubaini na saba, sasa naipiga nimekaa, nusu saa tu. Kuanzia arubaini na tano hamia taratibu kwenye ala za kukaa, na ongeza wanafunzi. Wanafunzi watatu wa kudumu wana thamani kuliko tamasha moja la nje. Hukwe Zawose, Mgogo aliyepiga ilimba, zeze na filimbi na kuimba juu yake, aliifikisha sauti ya Dodoma nje ya nchi, na alipofariki 2003 alikuwa ameshawafundisha jamaa zake Bagamoyo, nao wakaendelea. Bi Kidude, mwimbaji wetu wa taarab, alipewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005 akiwa bibi kizee, akaendelea kupanda jukwaani karibu mpaka alipofariki Aprili 2013. Lakini usipange maisha yako kwa kumtazama Bi Kidude. Mapafu kama yale Mungu hakuyagawa kwa wengi. Jiunge na mpango wa hiari wa waliojiajiri kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF kwa bara, ZSSF kwa Zanzibar. Changa kidogo kila baada ya msimu wa hoteli, siku ileile unayolipwa, kabla hujafika nyumbani.

Mwisho, wasia. Kwa sheria ya Tanzania haki ya mtunzi inaendelea miaka 50 baada ya kufa kwake, kwa hiyo wajukuu wako wanahusika. Waandikie nyimbo zako ni zipi, zimesajiliwa wapi, kwa nambari gani. Ala nazo ziandikie majina ungali hai, la sivyo zitauzwa kwa bei ya kuni. Orodha yangu iko ndani ya jalada la daftari la nne. Kodiani imepata mtu, besi imepata. Udi nimeshindwa kuamua, vijana watatu wanaugombea. Fidla ipo ukutani.